Adapta ya Bluetooth, skana ya ABS au malitimita: kipi kinafaa kwa gari la zamani?

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki) ikiwaka kwenye gari la miaka ya 1990 au ya mwanzoni mwa 2000, wengi hukimbilia kununua ile adapta ndogo ya Bluetooth inayochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu. Kwa injini, adapta hiyo inajitahidi. Kwa ABS ya gari la umri huo, mara nyingi ndiyo dhaifu kuliko vifaa vyote vilivyo kwenye mapitio haya, na malitimita ya kawaida inaishinda. Tumevipanga vitu vitano: kipande cha waya, adapta ya ELM327 (ndiyo hiyo ya Bluetooth), skana ya mkononi inayosoma ABS, malitimita na osiloskopu ndogo, inayochora ishara ya umeme kwenye skrini. Swali ni moja: je, kifaa kinakufikisha kwenye kipuri kibovu, au kinakuacha ukinunua sensa, kile kipuri kinachosoma mwendo wa gurudumu, kwa kubahatisha?

Kwanza soma taa zenyewe, maana hazihitaji kifaa. Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo. Kilichojizima ni uwezo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga kwa nguvu. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, hilo ni jambo jingine. Kwenye magari mengi moduli ya ABS (kompyuta yake) ndiyo pia inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Taa zote mbili zikiwaka, ama mgawanyo huo umepotea na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya ya mbele, ama mafuta ya breki yamepungua. Angalia kiwango cha mafuta na swichi ya breki ya mkono. Kama viko sawa, gari lipimwe likiwa limesimama, lisiendeshwe kwenda kupimwa.

Wakati taa inapowaka nao unasema kitu. Isipozimika kabisa tangu unapofungua swichi, moduli imeshaona saketi iliyokatika bila gari kusogea: waya wa sensa, fyuzi, rilei, solenoidi (valvu za umeme). Ikizimika kisha ikawaka baada ya mita chache za mwendo, tatizo linaonekana gurudumu likizunguka tu, au pampu imeshindwa jaribio lake. Moduli nyingi huijaribu pampu kwa sehemu ya sekunde gari linapoanza kutembea. Ule mlio mfupi wa mguno unaousikia chini ya boneti ndio huo.

Kipande cha waya

Kabla skana hazijaenea, viwanda vingi viliacha njia ya kusoma misimbo bila mashine: unaunganisha pini mbili kwenye soketi ya uchunguzi, na taa ya ABS inahesabu msimbo kwa kuwaka na kuzimika. Toyota ndiyo mfano mzuri. Kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi unaunganisha pini 13 (TC) na pini 4 (CG). Kwenye modeli za nyuma zaidi zenye kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti unaunganisha TC na E1, na kwenye baadhi unachomoa pia kile kipini kifupi kinachounganisha WA na WB. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ikipepesa haraka mfululizo, mara mbili kwa sekunde, hakuna msimbo uliohifadhiwa. Ukiwepo, tarakimu ya kwanza inahesabiwa kwa mipepeso ya nusu sekunde, taa inatulia sekunde 1.5, halafu inakuja tarakimu ya pili. Msimbo na msimbo hutenganishwa na sekunde 2.5, na orodha nzima inarudiwa baada ya sekunde 4.

Misimbo 11 hadi 14 ni ya rilei za solenoidi na za mota ya pampu. 21 hadi 24 ni solenoidi zenyewe. 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. 41 ni umeme wa betri usiotosha au uliozidi, na 51 ni mota ya pampu iliyokwama au kukatika. Kufuta, unaacha waya mahali pake na kukanyaga pedali ya breki mara 8 au zaidi haraka haraka, ndani ya sekunde 3 hadi 5 kutegemea modeli.

Wachache wanajua kuna pini ya TS, nayo ndiyo inayofanya kipande hiki cha waya kiwe na thamani kubwa. Kwenye modeli nyingi za Toyota za enzi hiyo, ukiunganisha TS na ethi (upande wa hasi, chuma cha gari), ukafungua swichi na kuendesha moja kwa moja kwa zaidi ya kilomita 45 kwa saa kwa sekunde kadhaa, kisha ukasimama na kuunganisha TC pia, moduli inakutolea matokeo ya ukaguzi wa sensa. 71 hadi 74 ina maana ishara ya sensa ni dhaifu, 75 hadi 78 ina maana ishara inabadilika isivyo kawaida, kwa mpangilio ule ule wa magurudumu. Ishara dhaifu hukuelekeza kwenye mwanya mkubwa mbele ya sensa au sensa iliyochoka. Ishara inayorukaruka hukuelekeza kwenye pete ya meno, ile inayozunguka na gurudumu mbele ya sensa. Skana nyingi za bei ya kati haziwezi kukupa tofauti hiyo.

Tahadhari ni moja: pini 16 inatoka moja kwa moja kwenye betri. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka. Taa ya injini na ya mifuko ya hewa nazo zinaweza kupepesa wakati huo huo. Soma ile ya ABS tu na usiguse waya wowote wa mifuko ya hewa.

Adapta za ELM327

Jina hilo ni la chipu ya kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, iliyofunga biashara mwaka 2022. Adapta nyingi zinazouzwa ni nakala. Dalili rahisi ni maandishi ya toleo la v1.5: kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo hilo, ilitoka 1.4b ikaenda 2.0. Nakala nyingine zinaandikwa v2.1 huku zikikosa sehemu ya amri, na amri zinazokosekana ndizo mara nyingi programu inazozihitaji ili kuzungumza na moduli isiyo ya injini.

Lakini hata adapta halisi ina kikomo, na kikomo hicho hakiondolewi na programu. OBD-II, mfumo wa pamoja wa kusoma hitilafu za injini, ililazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya kuanzia 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli, kwa sababu ya moshi. Sheria haikugusa ABS. Kila kiwanda kiliachwa kiongee na moduli ya breki kwa lugha yake. Adapta imeunganishwa na pini 2 na 10, 6 na 14, 7 na 15, pamoja na ethi na umeme. Kama gari lako limepeleka waya wa ABS kwenye pini nyingine, adapta haina hata pa kusikilizia. Ndiyo maana programu ya jumla kama Torque inaonyesha joto la injini vizuri kabisa, halafu inasema hakuna hitilafu wakati taa ya ABS inakutazama machoni.

Adapta inaokolewa na programu ya kiwanda husika. FORScan, kwa magari ya Ford na Mazda, inaingia kwenye moduli ya ABS kupitia adapta hizi hizi, inasoma misimbo ya kiwanda na kuchora mwendo wa kila gurudumu. Kwa mwenye gari la aina hiyo ndiyo ununuzi bora kuliko wote, ilmradi adapta iwe nzuri. Adapta za OBDLink zina chipu tofauti yenye kasi zaidi na amri zote, na tofauti yake na nakala inaonekana dakika ya kwanza. Kwa Volkswagen, Audi, Seat na Škoda kuna VCDS, ambayo haifanyi kazi na ELM327 bali na kebo yake yenyewe: unafungua anwani 03, na kwa modeli nyingi za zamani kundi la vipimo namba 001 linaonyesha magurudumu manne. Techstream ya Toyota nayo inataka kiunganishi cha J2534, kiwango cha kuunganisha kompyuta na gari. Nje ya hapo, adapta ya Bluetooth ibaki na kazi ya injini.

Skana ya mkononi

Maandishi ya “ABS” kwenye boksi yanaweza kumaanisha mambo manne tofauti, na bei hupanda kwa kila moja: kusoma na kufuta misimbo ya kiwanda, kuonyesha data mubashara, kuamuru pampu na valvu zifanye kazi, na kutoa hewa kwenye kitengo cha ABS chenye pampu na valvu. Skana inayosoma na kufuta tu haitoshi. Itakuambia C0035, yaani saketi ya sensa ya mbele kushoto, na hapo ndipo itakapokuacha. Msimbo huo unaweza kuletwa na sensa, waya, plagi yenye kutu, pete ya meno, beringi iliyolegea au moduli. Sensa mpya inatibu sababu moja tu kati ya hizo sita, na bado ndiyo inayonunuliwa kwanza.

Data mubashara ya magurudumu manne kwenye grafu moja ndiyo inayostahili pesa yako. Pima hivi, mtu mwingine akiendesha. Anza kutoka kusimama, taratibu kabisa: sensa za zamani za sumaku huanza kuonekana kwenye kilomita 3 hadi 5 kwa saa, na gurudumu linaloamka mwisho ndilo lenye mwanya mkubwa au sensa dhaifu. Kisha shika kilomita 40 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka. Mistari minne inatakiwa ishikane, tofauti isizidi kilomita 1 hivi. Mwisho, achia na ukanyage breki kwa upole hadi kusimama. Mstari unaodondoka kwenye sifuri kabla ya mingine ndio unaosababisha ABS kutetemesha pedali gari likikaribia kusimama kwenye barabara kavu. Hitilafu hiyo ya pedali kutetemeka bila taa kuwaka ni ya kawaida mno kwa magari ya zamani, na haina msimbo wowote, kwa hiyo skana ya kusoma misimbo tu itasema gari ni zima.

Mstari mmoja ukipishana na mingine kwa asilimia ile ile kwenye kila mwendo, usiguse sensa, tazama matairi. Tairi la 185/65R15 likichanganywa na 195/65R15, mzunguko unatofautiana kwa asilimia 2 hivi: kwenye kilomita 60, gurudumu dogo litasoma karibu 61.2. Kwenye kona magurudumu ya nje yatakimbia zaidi, hilo ni sawa. Mstari unaokatika kwenye kona tu unaelekeza kwenye beringi yenye mchezo au waya unaovutwa usukani ukikatwa.

Udhaifu wa skana ni kasi. Gari la zamani linazungumza kwa waya mmoja wa mawasiliano, uitwao K, kwa kasi ya biti 10,400 kwa sekunde, na skana ikiomba vipimo vingi kwa pamoja, kila kimoja kinajirudia mara chache tu kwa sekunde. Chagua vile vinne vya magurudumu, zima vingine vyote. Hata hivyo, jino moja lililovunjika hupita bila kuonekana.

Kabla ya kulipa, tafuta orodha ya magari kwenye tovuti ya mtengenezaji wa skana, kwa modeli, mwaka na aina ya ABS, na uone ni kazi ipi kati ya zile nne inayotajwa. Skana ile ile inaweza kufanya zote nne kwa gari la 2008 na kusoma misimbo tu kwa la 1998. Kama gari lako lina soketi ya duara au ya umbo la zamani, uliza kama kebo zake zimo kwenye boksi.

Malitimita

Ukiwa na kitu kimoja tu, kiwe hiki. Kinachotakiwa ni milivolti za AC, omu hadi mamilioni, na miliamperi za DC. Malitimita ndiyo inayotenganisha sensa na waya.

Tambua kwanza aina ya sensa. Ya sumaku, iliyotawala miaka ya 1990, inajitengenezea umeme yenyewe. Ncha yake inavuta bisibisi. Sensa hai, zilizoanza kuenea mwishoni mwa miaka hiyo, zinahitaji umeme kutoka kwenye moduli. Chomoa plagi, fungua swichi, pima upande wa waya unaotoka kwenye moduli: ukiona karibu na volti za betri, ni sensa hai. Ukiona volti 2 na kitu au chini, mara nyingi ni ya sumaku. Angalia mtego uliopo: moduli nyingi hukata umeme wa sensa mara zinapogundua saketi imekatika, kwa hiyo funga swichi, unganisha malitimita kwanza, ndipo ufungue swichi na kusoma sekunde zile za mwanzo. Wapo wanaobadilisha moduli nzima kwa kukosa kujua hili.

Sensa ya sumaku inapimwa omu. Nyingi huangukia kati ya 800 na 2,500. Namba yenyewe si muhimu kama kulinganisha kushoto na kulia kwa ekseli moja, zikiwa na joto sawa. Isiyo na mwisho ni waya uliokatika ndani. Iliyo chini sana ya mwenzake ina mizunguko iliyogusana. Kisha pima kutoka kila pini hadi kwenye chuma cha gari: isome zaidi ya omu milioni 1, la sivyo maji yameingia. Hatua inayorukwa na wengi ni kurudia kipimo kile kile kwenye plagi ya moduli. Ukipata omu 1,100 kwenye sensa na 1,100 au 1,102 kwenye moduli, waya ni mzima. Ukipata 1,400, kuna kutu kwenye plagi ya katikati, na sensa mpya itakuletea 1,400 vilevile. Tikisa waya wakati unasoma, hasa pale unapojikunja usukani ukikatwa na pale unapoingia ndani ya bodi kupitia mpira.

Omu peke yake haithibitishi sensa. Geuza malitimita kwenye milivolti za AC, inua gurudumu kwa jeki na stendi, lizungushe kwa mkono karibu mzunguko mmoja kwa sekunde. Unatafuta milivolti 100 au zaidi, zikiongezeka kadiri unavyozungusha kwa kasi. Omu nzuri na milivolti 30 maana yake mwanya ni mkubwa. Kwa sensa nyingi mwanya ni kati ya milimita 0.3 na 1.5, na kinachoupanua kwa kawaida ni kutu iliyojijenga chini ya kiti cha sensa na kuisukuma nje. Safisha tundu hadi chuma king’ae. Usipige sensa kwa nyundo ili iingie, huwa ni plastiki na itavunjikia ndani.

Sensa hai haipimwi omu. Kipimo hicho hakina maana kwake na baadhi ya malitimita zinaweza kuiharibu. Hii inapimwa miliamperi: weka malitimita kwenye mfululizo na waya mmoja, fungua swichi, zungusha gurudumu polepole kabisa. Usomaji unatakiwa kuruka kati ya 7 na 14 hivi. Kama hutaki kuhatarisha fyuzi ya malitimita, weka ristansi ya omu 100 kwenye mfululizo na usome volti juu yake: 0.7 na 1.4. Ikibaki kwenye namba moja tu, ama sensa imekufa, ama haioni sumaku mbele yake.

Na hapo ndipo lilipo kosa ambalo hakuna skana itakayolitaja. Sensa hai nyingi husoma pete ya sumaku iliyofichwa kwenye sili ya beringi, haina meno ya kuonekana kwa macho. Beringi ina upande mmoja tu wenye sumaku. Ikishindiliwa kinyume, gurudumu linazunguka vizuri, halina kelele, na sensa haioni chochote. Taa ya ABS iliyoanza siku beringi ilipobadilishwa itafutwe hapo kwanza. Kadi ya kuonyesha sumaku, ile ya plastiki yenye rangi ya kijani, inaonyesha milia upande sahihi kabla hujashindilia. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa na kinastahili kuwa kwenye boksi la kila fundi anayegusa beringi.

Upande wa umeme wa pampu, malitimita inahitaji msaada wa balbu. Mota ya pampu hunywa makumi ya amperi, na fyuzi yake kwa kawaida ni ya 30 hadi 60. Waya wenye nyuzi mbili zilizobaki nzima utaonyesha volti 12.6 ukiwa haufanyi kazi, kisha ukaporomoka pampu ikianza. Chomoa plagi ya moduli, unganisha balbu ya taa kubwa ya wati 55 kati ya pini nene ya umeme na pini nene ya ethi. Balbu hiyo inavuta amperi 4.6 hivi. Iking’aa kikamilifu, njia si mbovu sana. Ikiwaka kwa unyonge, una waya au fyuzi iliyoungua mguu, au ethi yenye kutu kwenye chesisi. Kama una skana yenye kuamuru pampu, bora zaidi: iendeshe na upime kati ya ethi ya moduli na hasi ya betri. Zaidi ya volti 0.2 au 0.3, safisha ethi kabla ya jambo jingine lolote. Betri iliyochoka nayo huleta misimbo ya moduli na ya pampu kwa pamoja, hasa asubuhi.

Pampu ikihukumiwa, ijaribu yenyewe. Kwenye vitengo ambavyo plagi ya mota inachomoka peke yake, ipe volti 12 kupitia fyuzi ya amperi 30 kwa sekunde moja au mbili, si zaidi. Ikizunguka, mota haina kosa. Tatizo ni rilei au moduli. Kwenye magari ya kundi la Volkswagen msimbo 01276 unataja pampu V64, lakini mara nyingi kilichokatika ni muunganiko wa ndani wa moduli, na pampu haina shida yoyote. Moduli za namna hiyo hurekebishwa kwa kufunguliwa na kuunganishwa upya na wataalamu wa elektroniki, na kwa mtazamo wetu hilo ni bora kuliko kununua ya mtumba: iliyotengenezwa ni ile ile ya gari lako, yenye mipangilio yake, na kwa miundo ambayo moduli hutenganishwa na kitengo cha valvu huhitaji kufungua bomba hata moja la breki.

Osiloskopu

Kwa mwenye gari moja, hii ni anasa. Kwa gereji ni ya lazima, kwa sababu ya pete ya meno peke yake. Pete iliyoshindiliwa kwenye jointi ya CV (jointi ya ekseli inayozungusha gurudumu) huvimbishwa na kutu iliyo chini yake, kisha hupasuka. Ufa unafanya pengo moja liwe pana kuliko mengine. Malitimita inatoa wastani, haioni. Skana ni ya polepole, haioni.

Osiloskopu ndogo ya chaneli moja yenye megahezi chache inatosha kabisa, maana ishara ni ya chini. Kwa pete ya meno 48 na tairi la 195/65R15, kilomita 20 kwa saa ni kama hezi 134. Weka milisekunde 200 kwa kila mraba, zungusha gurudumu mzunguko mmoja kwa sekunde, na kwenye miraba kumi utaona mizunguko miwili. Mawimbi yakilingana kimo, pete ni nzima. Ufa ni wimbi moja refu au lililokosekana, likijirudia mara moja kila mzunguko. Kimo kikipanda na kushuka taratibu mara moja kwa mzunguko, pete imekaa upande au beringi ina mchezo. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Kwa sensa hai utaona mraba badala ya wimbi, na kimo hakibadiliki, kwa hiyo soma upana wa kila mraba.

Ukishaona ufa, pete peke yake hununuliwa kwa magari mengi. Hesabu meno ya ile ya zamani kabla ya kuagiza. Pete ya meno 44 kwenye gari la meno 48 itakaa vizuri na kuleta msimbo ndani ya kilomita chache.

Cha kununua

Mwenye Toyota ya miaka ya 1990: waya na malitimita, basi. Mwenye Ford au Mazda: OBDLink, FORScan na malitimita. Mwenye Volkswagen au ndugu zake: VCDS. Wengine waanze na malitimita, kisha skana yenye data mubashara na kuamuru pampu ambayo orodha yake inalitaja gari lao kwa jina na mwaka. Skana ya kusoma na kufuta tu tusingeipendekeza kwa mtu yeyote.

Kazi ya kutoa hewa inaonekana ya ziada hadi siku unapobadilisha kitengo cha valvu, au mafuta yanapokauka kwenye tangi wakati bomba limefunguliwa. Hewa ikiingia nyuma ya valvu za kitengo, kukanyaga pedali na kufungua nipo (skrubu ya kutolea hewa) kwa njia ya kawaida hakuifikii. Pedali inabaki laini hata baada ya lita nzima ya mafuta kupita. Skana inaendesha pampu na kufungua valvu huku mtu akikanyaga, kisha unatoa hewa tena magurudumu yote manne kwa mpangilio wa kiwanda. Fuata muda ambao skana inaupa kwa kila gurudumu na uache mota ipoe katikati, betri ikiwa kwenye chaja. Mota hizo zimeundwa kwa kazi ya sekunde chache.